Wakuu, kwanini koti na suti ya kijivu ndo inambeba mwanaume kwenye baridi? Nahamia Makete, nianze na kijivu kipi?

#1 Mgeni_wa_Makete
Habari za muda huu wakuu. Nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Makete, naripoti mwezi wa sita, na kila ninayemwambia ananipa pole ya baridi kabla hata ya kunipa hongera. Mi nimekaa Morogoro muda wote, koti kwangu lilikuwa la harusini tu. Kazi yenyewe ni ya ofisini, vikao na wageni kutoka mkoani, Jumapili kanisani, kwahiyo siwezi kuishi ndani ya jaketi la manyoya wiki nzima.

Nimeanza kuchambua mitumba pale Mwanjelwa nikipita Mbeya na kuna kitu nimekiona nataka tukijadili. Makoti marefu ya kiume yale ya sufu nzito, yale ambayo hata kama ndani una shati la kawaida unaonekana mtu mwenye shughuli zake, mengi ni ya kijivu. Meusi yapo ila mengi kitambaa chepesi au yamepauka mabegani.

Hoja yangu: kijivu ndo rangi ya kwanza mwanaume anunue kwa ajili ya baridi, kabla ya nyeusi na bluu. Swali ni kwanini iwe hivyo? Na kama nanunua suti moja na koti moja tu, nichukue kijivu cha mkaa, cha kati, au kile kinachokaribia weupe? Bajeti ni ya mtumishi wa umma so msinipeleke kwenye maduka ya vioo. Karibuni.

#2 Mbishi_wa_Tandika
Nipo Tandika hapa feni iko namba ya mwisho na jasho linatoka, afu kuna mtu anauliza koti la sufu. Nakaa pembeni nisome, ila kijivu kabla ya nyeusi napinga mapema kabisa. Nyeusi inaenda msibani, harusini, kanisani, kwenye usaili. Kijivu ukienda nayo msibani unaonekana umetoka kazini ukapitia.

#3 Mkinga_Mtupu
Karibu Makete mkuu. Nikwambie ukweli, baridi ya kwetu ni ya kujikinga kwanza, kupendeza kunafuata. Kule juu Kitulo na Matamba asubuhi za mwezi wa saba unakuta barafu imelala kwenye majani, na ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne. Kwahiyo kabla ya rangi fikiria uzito wa kitambaa.

Ila kwenye rangi nakuunga mkono. Watu hawajui kwamba msimu wetu wa baridi kali ndo huo huo kiangazi, barabara za ndani zina vumbi balaa, ukipanda boda na koti jeusi unashuka nalo limekuwa rangi ya ugoro. Kijivu cha kati kinameza vumbi, unakung'uta mlangoni unaingia kikaoni. Sababu ndo hiyo, sioni haja ya kutafuta nyingine.

#4 Belo_Grade_One
Mleta uzi umeona sawasawa ila sababu siyo hiyo, na Mkinga hapo juu naye siyo hiyo. Mi nafungua belo za makoti ya baridi, ndo kazi yangu. Ndani ya belo nyeusi zipo za kutosha, tena nzito nzuri. Ila nyeusi haifiki kwenye meza unayochagulia wewe. Kabla hujaamka wameshapita wanakwaya, ma-MC, madereva wa mabosi, na wale wanaovusha mzigo Tunduma kupeleka Zambia, wote hao wanaanza na nyeusi. Kufika saa tatu kilichobaki ni kijivu, kahawia na yale ya mistari. Kwahiyo ulichokiona Mwanjelwa siyo kilichotoka Ulaya, ni kilichoachwa na waliokutangulia.

#5 Mgeni_wa_Makete
Duh Belo umenifungua macho. Kwahiyo nanunua makombo? Mbona sasa hayo makombo ndo yana kitambaa kizuri kuliko?

#6 Fundi_wa_Kihesa
Mgeni swali lako la #5 ndo lenye akili kwenye uzi huu wote mpaka sasa. Mi fundi niko Iringa, nashona na kurekebisha suti, acha nieleze kinachotokea kwenye kitambaa chenyewe.

Kijivu kizuri cha sufu hakichovywi kwenye ndoo ya rangi ya kijivu. Nyuzi zinatiwa rangi kabla hazijasokotwa, nyeusi zinakaa upande wake na nyeupe upande wake, afu zinachanganywa ndo zinasokotwa. Chukua koti la kijivu liweke karibu na jicho utaona nywele nyeusi, nyeupe, wakati mwingine na za bluu au kahawia humo humo. Ndo maana likichubuka kidogo halionekani, jua likilichoma halionekani, na bitana ikitoka mahali ukaweka nyingine halikuumbui. Jeusi ni rangi moja mwanzo mwisho, likikaa karibu na dirisha miezi kadhaa bega moja linakuwa jekundujekundu na hapo hata mi siwezi kukusaidia. Kwahiyo makoti ya kijivu na meusi yanaweza kuwa yametoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, ila la kijivu linafika kwako bado lina sura.

Kingine, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome na kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika kwenye vidole, hiyo ni sufu. Ukiyeyuka ukaacha kipande kigumu cheusi, hiyo ni plastiki imeandikwa jina zuri. Makoti mengi ya Ulaya ni 80% sufu na 20% nailoni, hiyo usiiogope, nailoni inasaidia lisichakae viwikoni.

Na bega. Bega likizidi acha, hata kama bei ni ya bure. Kiuno nabana, mkono nafupisha, urefu nakata, ila bega ni kulifumua koti lote.

#7 Mswahili_wa_Yorkshire
Asante fundi, #6 ni darasa. Naongeza historia maana naishi huku ambako vitambaa vyenyewe vilikuwa vinatengenezwa. Huddersfield na Bradford ilikuwa miji ya sufu tupu, na Huddersfield mpaka leo kuna viwanda vya kitambaa cha suti. Ukiona kipande cha kitambaa kina maandishi ya Huddersfield kwenye ukingo ujue umeshika kitu.

Kwanini kijivu? Makaa ya mawe. Majengo ya zamani ya mawe huku mengine mpaka leo ni meusi kwa masizi. London Desemba 1952 moshi ulitanda siku 5, wakafa maelfu ya watu, ndo ikaja sheria ya hewa safi ya 1956. Sasa kwenye mji wa namna hiyo mtu akivaa koti la rangi ya mchanga anafika ofisini lina madoa. Kijivu kikawa rangi ya mwanaume wa mjini na watoto wakarithi wakaendelea hata moshi ulipoisha. Kwahiyo Mkinga na vumbi lake la Makete hayuko mbali kabisa, ni jambo moja sehemu mbili.

#8 Msee_wa_Limuru
Sasa wadau. Mi ni wa Limuru, baridi ya Julai naijua, pale ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi unaona pumzi yako. Yorkshire hiyo story ya moshi ni tamu lakini haiingii. Kama shida ilikuwa masizi si wangevaa nyeusi tu na wamalize? Masizi ni meusi.

Mi nadhani ni jeshi. Makoti marefu ya askari wa Urusi yalikuwa kijivu, Wajerumani vile vile, kijivu chenye ukijani kidogo. Wanaume wengi sana walivaa hayo makoti kwa vita, wakarudi nyumbani wakiwa wamezoea ule urefu na ile rangi. Angalia hata lile koti la vifungo safu mbili, limetoka jeshini.

Na kuhusu kununua, pale Gikomba, soko letu la mitumba Nairobi, tunaita kamera, yani zile nguo za kwanza kabisa bale ikifunguliwa. Unalipa zaidi lakini huchukui makombo kama Mgeni. Jua siku ya kufungua, fika mapema.

#9 Mswahili_wa_Yorkshire
Msee, nyeusi ilivaliwa sana tu, makarani wa karne ya 19 walivaa nyeusi juu mpaka chini. Kijivu cha mchana kilikuja kuwa kitu cha mtu ambaye siyo karani. Ila ya jeshi sikatai, Waingereza wenyewe lakini waliwavalisha askari khaki, na koti la kijivu la kiraia lilienea hapa hapa Uingereza. Kwahiyo nadharia yako inawaeleza Wajerumani zaidi.

#10 Mama_Wawili
Kaka zangu mnazunguka sana, mwenzenu kauliza nianze na kijivu kipi hakuna aliyemjibu. Mi namvalisha mume wangu na wadogo zangu wawili, nisikilizeni.

Suti iwe kijivu cha mkaa. Hiyo ataenda nayo kikaoni, kanisani, na hata msibani (Mbishi hapo #2 ondoa shaka, mkaa uliokolea na shati jeupe na tai nyeusi hakuna atakayekusema). Koti refu la juu liwe kijivu cha kati, kile cha moshi, au lile la mistari ya mifupa ya samaki. Msilinganishe koti na suti kijivu kile kile, mtu anakuwa amevaa sare kama mlinzi wa benki. Yapishane, moja likolee moja lipungue.

Kijivu cha mwanga kinategemea na mtu. Mume wangu ni mweusi tii, akivaa kijivu cha mwanga anang'aa mpaka natamani tupige picha. Mdogo wangu ni maji ya kunde, suti ile ile inampausha anaonekana katoka kuumwa. Kwahiyo Mgeni jipime mwenyewe kwenye mwanga wa nje, siyo kwenye taa za dukani.

Na shati. Baridi siyo ruhusa ya kuvaa sweta la shule ndani ya suti jamani. Sweta jembamba la shingo ndefu, jeusi au damu ya mzee, ndani ya koti la kijivu, hapo unakuwa na joto na tai huihitaji.

#11 Mbishi_wa_Tandika
Mama Wawili sijakataa mkaa, mkaa ni mweusi uliosita. Nimeshinda hoja.

#12 Mama_Wawili
Hujashinda shemeji, umehamia kwetu.

#13 Papaa_Kadutu
Jambo bandugu. Miye niko Bukavu, baridi ya mvua na ya ziwa tunaijua, na mambo ya kuvaa tuachieni kidogo wakongomani. Kwenye sape, yani ule uvaaji wetu wa kupendeza, sheria ni moja: rangi zisipite tatu kwa mwili mzima. Brazzaville ndiko walikoishika sana hiyo sheria, na Kinshasa marehemu mwanamuziki Papa Wemba ndiye alifundisha vijana kupenda sape. Sasa kijivu kinafaa sababu kinahesabika moja lakini kinakubali zingine mbili bila kupigana. Suti kijivu, shati nyeupe, viatu na mukaba rangi ya damu ya mzee. Umemaliza. Ukiongeza kitambaa cha mfukoni cha njano tayari umeharibu.

Mama Wawili ana haki juu ya kijivu kupishana. Lakini mkaa kwa kijana? Mkaa ni wa mzee wa kanisa. Kijana avae kijivu cha kati, asionekane anaenda kuzika.

#14 Bongo_Minnesota
Nawasalimu kutoka Minneapolis. Naomba tutenganishe baridi na baridi. Baridi ya Makete, Limuru, Bukavu, koti la sufu linatosha na linabaki. Huku Januari kukifika minus 20 na upepo juu yake, lile koti zuri la kijivu linaloishia gotini linakuacha shingoni na masikioni. Watu wa ofisini huku wanavaa suti yao ya sufu, juu wanatupia jaketi kubwa la manyoya ya bata lenye kofia, wakifika wanalitundika na suti inaonekana. Viatu vya ngozi viko kwenye begi, mguuni una mabuti maana chumvi wanayomwaga barabarani inaua ngozi na inaacha mstari mweupe kwenye pindo la suruali. Kijivu cha mwanga kinauficha huo mstari kuliko mkaa, hiyo nayo iwekeni kwenye hesabu.

Koti la sufu nalivaa Oktoba, Novemba na Aprili. Nawaandikia hivi kwa sababu kila mwaka kuna ndugu anakuja na koti moja zuri kutoka nyumbani akidhani amemaliza, na wiki ya kwanza tunampeleka kununua jingine.

#15 Mgeni_wa_Makete
Shukrani sana wote. Mama Wawili ushauri wako nimeuandika pembeni. Sasa nina swali la haraka. Leo nimekuta koti kijivu cha kati lina ile mifupa ya samaki, nzito, ndani limeandikwa Schurwolle na saizi 98. Muuzaji ananiambia hilo la jitu la Kijerumani acha, ila nimelijaribu bega limekaa, mkono tu umezidi kidogo. 98 ndo nini?

#16 Fundi_wa_Kihesa
Kamata hilo koti sasa hivi kabla hujamaliza kusoma.

Saizi za Ulaya bara ni nusu ya kifua kwa sentimita. 48, 50, 52 ndo za kawaida. Ukitaka za Kiingereza toa 10, yani 50 ni sawa na 40 ya inchi, 52 ni 42. Wajerumani wana za ziada: mtu mfupi mnene kidogo wanamwandikia 24, 25, 26, hiyo ni nusu ya 48, 50, 52. Mtu mrefu mwembamba wanamwandikia 94, 98, 102. Kwahiyo 98 ni 50 ya mtu mrefu. Wauzaji wengi hawazijui hizo namba wanazitupa kwenye rundo la makubwa, na huko ndo mi nanunuaga. Mkono ukizidi nafupisha, kazi ya nusu siku kama hakuna matundu ya vifungo yaliyotobolewa kweli.

Na Schurwolle hiyo ni sufu mpya ya kondoo. Kwenye lebo za Kitaliano tafuta lana, Kifaransa laine, Waswidi ull. Ukiona poliesta imetangulia kwenye orodha rudisha.

#17 Belo_Grade_One
Fundi umeniharibia biashara, kuanzia wiki hii 98 na 102 zinapanda bei.

#18 Mbishi_wa_Tandika
Tukiwa kwenye namba, shemeji yangu ana suti ya kijivu imeandikwa Super 150 kwenye mkono. Hiyo si ndo ya baridi? Namba ikiwa kubwa joto linazidi.

#19 Fundi_wa_Kihesa
Hapana mkuu, kinyume. Hiyo namba inapima wembamba wa unywele wa sufu. Super 100 unywele ni maikroni 18.75 au chini, Super 150 ni 16.25. Namba ikipanda unywele unakuwa mwembamba, kitambaa laini, kinamwagika vizuri, lakini kinajikunja na kuchakaa haraka ukikikalisha kwenye basi la Njombe kila wiki. Joto linakuja na uzito. Suti ya gramu 250 kwa mita ni ya Dar. Kwa Makete tafuta 340 mpaka 400, hasa flaneli, ile ina manyoya mafupi juu inashika hewa. Koti la juu linaenda gramu 600 na zaidi. Kama hakuna mahali pameandikwa gramu, lishike kwa mkono mmoja na la dukani kwa mkono mwingine, utajua.

Na mwambie shemeji hiyo lebo ya mkononi ni ya kutoa.

#20 Mbishi_wa_Tandika
Itolewe kwanini? Lebo ndo inaonyesha suti ni ya dukani siyo mtumba. Watu Kariakoo wanalipia hiyo lebo.

#21 Mama_Wawili
Uwiiii. Kaka lebo ya mkono inashonwa kwa nyuzi chache ili muuzaji aione suti ikiwa imetundikwa. Ukishanunua unaitoa. Na ule uzi mweupe wenye umbo la X kwenye mpasuo wa nyuma nao unaukata, umewekwa koti lisijikunje njiani. Juzi kanisani nimemuona bwana harusi mpasuo umefungwa na X yake, akikaa koti linavuta mpaka shingoni.

#22 Belo_Grade_One
Mi kwa kweli lebo sitoi. Mteja wangu akiiona anaongeza pesa. Nyie wenye ada za Ulaya endeleeni, hapa soko ndo linaamua.

#23 Papaa_Kadutu
Kwa sape mutu anafungua koti ndani ndo anaonyesha jina. Mukononi hapana. Lakini Belo miye namuelewa, ni biashara.

#24 Mzee_wa_Suti_Fupi
Wanangu, nimewasoma tangu mwanzo. Mnaongea koti na suti ya tai utadhani mwanaume wa huku hajawahi kuwa na vazi lake la kijivu. Miaka ya sabini mtumishi wa serikali wa maana alivaa suti ya Kaunda, mikono mifupi au mirefu, mifuko minne, bila tai, na rangi iliyopendwa ilikuwa kijivu. Fundi alikupima, kitambaa ulichagua, ukarudi kujaribu, ndo ukavaa. Mimi nilikuwa Njombe na ya mikono mirefu ya kitambaa kizito ilinitosha asubuhi na fulana ya sufu ndani. Kwa hiyo kwa maoni yangu kijivu hakikuja na belo. Kilikuwa kwetu kwa sababu hakikuwa cha kujionyesha, mkubwa na mdogo walikivaa wote.

#25 Mkinga_Mtupu
Shikamoo mzee. Hiyo ya mwisho ni sababu nyingine mpya tena ya nguvu.

#26 Msee_wa_Limuru
Shikamoo mzee. Huku kwetu Kenya Kaunda suti imeleta maneno, Novemba 2023 Spika Wetang'ula aliipiga marufuku ndani ya Bunge, wakati Rais mwenyewe anaipenda. Mi binafsi ya kijivu nzito yenye mikono mirefu naona ingefaa Limuru kuliko suti ya tai, maana kola inafunga mpaka juu na kifua hakipati upepo.

#27 Mswahili_wa_Yorkshire
Shikamoo mzee. Kuhusu upepo wa kifuani, koti la juu la vifungo safu mbili ndo linatatua, vitambaa viwili vinapandana kifuani. La safu moja linahitaji skafu. Na Mgeni ukikutana na koti lina lebo yenye alama ya duara na msalaba juu yake, imeandikwa Harris Tweed na namba chini, usiliache. Hicho kitambaa kinafumwa majumbani kwenye visiwa vya Outer Hebrides huko Uskoti na kina sheria yake ya Bunge ya 1993. Ukungu wa Kitulo hautapita. Sufu inaweza kunyonya unyevu karibu 30% ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi imelowa.

#28 Kijana_wa_Kigali
Mmebarikiwa nyinyi wa belo. Huku kwetu toka 2016 ushuru wa mitumba ulipandishwa kutoka dola 0.20 mpaka 2.50 kwa kilo, na koti la sufu ndo nguo inayopima kilo nyingi. Marekani ilikasirika ikatutoa 2018 kwenye unafuu wa nguo wa AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kwahiyo mi suti yangu ya kijivu nimeshonewa, kitambaa nilinunua mita 3 na nusu. Nilichojifunza: peleka koti la juu kwa fundi siku ya kujaribu suti, maana koti likipimwa juu ya shati halitapita juu ya suti. Na mkono wa koti ufunike mkono wa suti wote, vinginevyo mvua inaingia.

#29 Bongo_Minnesota
Kijana hapo umegusa. Na koti liwe refu kupita suti. Koti likiishia juu ya pindo la suti unaonekana umeazima.

#30 Mgeni_wa_Makete
Koti nimelichukua wakuu, Fundi asante. Sasa la suti. Vifungo viwili au vitatu? Na kwanini kile cha chini watu wanasema kisifungwe?

#31 Msee_wa_Limuru
Viwili. Cha chini hakifungwi kwa sababu ya King George, alikuwa na kitambi hakifungi, basi watu wote wa ikulu wakaacha wazi wasimwaibishe.

#32 Mswahili_wa_Yorkshire
Ni Edward wa 7 ndo anayesimuliwa, yule aliyetawala 1901 hadi 1910, siyo George. Na kuna wanaosema haikuwa kitambi, ilikuwa kupanda farasi, koti likifungwa lote linajikunja tumboni.

#33 Fundi_wa_Kihesa
Kitambi au farasi mi sijui, nachojua leo suti inakatwa ikiwa imeshapinda pale chini. Ukikifunga kitambaa kinavuta nyonga. Kata ndo inaamua. Kaunda ya mzee hapo #24 inafungwa vyote kwa sababu imekatwa nyoofu.

#34 Mama_Wawili
Mgeni jambo la kutunza wamelisahau wote. Usilifue koti kwa maji ya moto, linasinyaa na kuwa gumu. Mdogo wangu alipeleka suti ya flaneli kwa dobi mmoja mjini, ikarudi inamtosha mtoto wa darasa la tano, na pesa hawakurudisha. Piga brashi kila jioni, tundika kwenye henga pana siyo msumari, lipumzike siku moja kabla ya kulivaa tena. Na nondo. Nondo mwenyewe hali nguo, anayekula ni funza wake, na anapenda sufu yenye jasho. Kabla ya kuliweka kabatini mwezi wa kumi lianike juani uligeuze nje ndani, kagua chini ya kola na kwenye mifuko.

#35 Mkinga_Mtupu
Mwezi wa kumi huku bado analivaa dada.

#36 Mbishi_wa_Tandika
Kurasa zote hizi na swali la kwanza hamjajibu. Vumbi, makombo, nyuzi, moshi, jeshi, sape, Kaunda. Ni ipi sasa?

#37 Mswahili_wa_Yorkshire
Ngoja nikuongezee ya nane. Haya makoti mazito mengi ni ya wazee. Mzee akifariki familia inafungua kabati, inapeleka kwenye duka la hisani, lisipouzwa linaingia kwenye belo. Wazee wa umri huo walinunua koti moja la maisha na wengi walichagua kijivu. Vijana huku sasa hivi wanavaa majaketi ya poliesta, kwahiyo miaka 20 ijayo Belo atakuwa anauza majaketi tu.

#38 Belo_Grade_One
Hilo la mwisho nimeshaanza kuliona. Sufu inapungua kwenye belo, poliesta inaongezeka. Lakini kwenye kijivu nabaki palepale, nyeusi zinaondoka alfajiri. Njoo Mwanjelwa saa kumi na moja uone mwenyewe.

#39 Fundi_wa_Kihesa
Mgeni ukipita Iringa lete hilo koti la 98. Bitana ya makwapani iangalie kabla, ikiwa imechanika nitaweka ya satini ya kijivu kilichokolea, siyo nyekundu kama vijana wanavyoomba. Mkono nitapunguza ule wa kushoto na wa kulia kila mmoja kivyake maana watu wengi mikono haiko sawa. Vaa suti ukija.